Udongo Ulaya, Mti Ulaya

Katika mazungumzo yetu ya kila siku, na hata katika karatasi za maofisini, yamo maneno tuliyoyazoea mno hata hatuyahoji tena: "nyumba ya kudumu" na "nyumba ya miti". La kwanza hutamkwa kwa heshima, na maana yake ni saruji, nondo na bati. La pili hutamkwa kwa sauti ya chini, kana kwamba msemaji anaomba radhi kwa umaskini wake. Mwanafunzi wa sekondari ambaye hajapata kufundishwa neno moja juu ya ujenzi huyapokea maneno hayo kama apokeavyo hesabu za kujumlisha, akaondoka nayo akiamini kwamba mti ni wa jana na saruji ni ya kesho. Sisi tunasema kwamba imani hiyo ni kasumba, na kwamba kasumba hiyo inatugharimu.

Hatukuwa wa kwanza kulisema jambo hili. Mwalimu Julius Nyerere, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwezi Desemba 1962, alieleza kwamba utamaduni ndio kiini na roho ya taifa lolote. Miaka 15 baadaye, mwaka 1977, alipopima mafanikio na kasoro za miaka kumi ya Azimio la Arusha, aliikemea tabia ya kuing'ang'ania saruji na bati kana kwamba hapana nyumba bora pasipo vitu hivyo viwili. Saruji aliitaja kuwa ni udongo ulaya. Kejeli iliyomo katika jina hilo haijapoteza ukali wake. Udongo wetu tunaukanyaga. Udongo ulaya tunautia katika mifuko, tunaupakia melini, tunaulipia fedha, kisha tunauita maendeleo. Ni kweli kwamba leo saruji inachomwa hapa hapa nchini, Wazo, Tanga na Mtwara. Kiwanda kimehamia kwetu, lakini kasumba haikuondoka.

Hoja yetu katika makala haya ni moja. Chuo kikuu kitakapojenga nyumba ya utafiti katika kisiwa cha Pemba, na ijengwe kwa mti. Na mti huo uwe umepandwa, umepasuliwa, umekaushwa na kuunganishwa kwa mikono ya Watanzania. Tena tunachagua na mahali: Ole, katika Wilaya ya Chake Chake. Kwa kusema hivyo hatutangazi mpango wa serikali wala wa chuo chochote. Tunaiweka hoja mbele ya walimu na wanafunzi, maana wao ndio watakaoingia katika nyumba hiyo, na huenda baadhi yao ndio watakaoijenga.

Mti katika ujuzi wa wazee wetu

Tuanze na yale tuliyo nayo. Fundi wa Pemba aliyejenga nyumba ya udongo hakuchomeka miti ardhini ovyo. Alijua nguzo ipi isimame pembeni, mtambaapanya upite wapi juu ya nguzo, makombamoyo yalale kwa mwinamo gani ili makuti yateremshe maji ya masika, na fito zifungwe kwa nafasi gani ili udongo ushike. Kila kiungo kilikuwa na jina lake, na penye jina pana ujuzi. Watu hawakipi jina kitu wasichokijua.

Nyumba za mawe za mijini nazo zilisimama kwa mti. Dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti njema haikuweza kuvuka zaidi ya mita tatu hivi, upana wa chumba cha Mswahili katika pwani yote ulipimwa na mti huo. Tajiri aliweza kukirefusha chumba chake apendavyo, lakini hakuweza kukipanua. Mti ndio uliokuwa mhandisi.

Tukienda baharini habari ni hiyo hiyo. Mtepe ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, pasipo msumari. Majahazi yalitiwa kalafati katika maungio. Mbao zikapakwa sifa, yaani mafuta ya papa. Na sehemu ya chini ikapakwa deheni ili wadudu wa baharini wasiitoboe. Anayedai kwamba watu wa pwani hawakujua kuuhifadhi mti na maji, chumvi na wadudu, basi na atueleze karafuu za Pemba zilifikaje Unguja, na boriti zetu zilifikaje Ghuba ya Uajemi.

Lakini hatuandiki haya ili tukae tukililia ya kale. Boriti ya mkoko ilikuwa na mpaka wake. Maabara yenye meza, mitambo na wanafunzi 40 haienei katika chumba cha mita tatu. Tena mikoko ikikatwa bila kiasi, pwani huliwa na bahari. Anayetaka turudi katika boriti ajue kwamba anaturudisha katika mpaka ambao wazee wetu wenyewe wangeufurahia kuuvuka.

Wala hatusemi kwamba kitu ni chetu kwa sababu tu kilianzia kwetu. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, mbali huko mashariki. Uliletwa kwetu mwanzoni mwa karne ya 19, na tufani ya mwaka 1872 ilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikawa ndiyo kitovu cha zao hilo. Leo nani atathubutu kumwambia Mpemba kwamba mkarafuu si wake? Anajua kuupanda, kuupanda juu na kuchuma, kuchambua na kuanika. Ana msamiati wake na ana nyimbo zake. Kitu huwa chetu kwa kukimudu, hata kama hakikuzaliwa nasi. Kanuni hii ndiyo tutakayoitumia kupimia kila jambo katika makala haya.

Ujuzi mpya wa mbao za matabaka

Ujuzi tunaousemea ulianza kutengenezwa Austria na Ujerumani katika miaka ya 1990. Hautaki gogo kubwa. Mbao nyembamba za kawaida hukaushwa katika tanuri mpaka unyevu wake ukaribie asilimia 12. Huchaguliwa, hupigwa randa, hupakwa gundi, kisha hupangwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likilikatiza lile la chini yake kama mshindio unavyoukatiza mtande katika kitambaa. Halafu hubanwa kwa mashine yenye nguvu. Kinachotoka ni bamba nene la mti, pana kama ukuta mzima, lisilopinda kwa urahisi upande wowote. Na mbao zikilazwa zote kuelekea upande mmoja na kugandishwa, hupatikana boriti ndefu ya kuvuka ukumbi pasipo nguzo ya kati. Basi ule mpaka wa mita tatu uliomtawala fundi wa zamani umevunjwa, na aliyeuvunja ni mti wenyewe.

Mpemba hahitaji kufundishwa falsafa ya jambo hili. Makonyo yalikuwa kitu duni mbele ya karafuu, mpaka kiwanda cha makonyo cha Wawi kilipoonyesha kwamba ndani ya kilichodharauliwa mna mafuta yenye thamani. Ubao mwembamba wa mpaini, wenye vifundo, usioaminika kubeba hata dari ya banda, ndio makonyo ya msituni. Ukiungwa na wenzake hubeba ghorofa.

Faida zake si za maneno matupu. Mita moja ya ujazo ya mbao kavu za mpaini ina uzito wa kilo 500 hivi. Ya zege hukaribia kilo 2,400. Kwa kisiwa ambacho vifaa vyake vya ujenzi huvushwa kwa chombo, tofauti hiyo si ndogo. Jengo jepesi hutaka msingi mdogo, na mabamba yakishakatwa kiwandani husimamishwa upesi. Katika mji wa Vancouver nchini Kanada, Chuo Kikuu cha British Columbia kilijenga bweni la ghorofa 18 lililofunguliwa mwaka 2017, na sehemu yake ya mti ilisimamishwa kwa muda usiofika siku 70.

Liko na jambo la hewa. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni ambayo mti uliivuta kutoka angani ulipokuwa ukikua, nayo hubaki imefungwa ndani ya jengo muda wote jengo linaposimama. Utengenezaji wa saruji, kwa upande wake, hutoa asilimia 7 hadi 8 hivi ya hewa ya ukaa yote inayotokana na kazi za wanadamu. Kisiwa ambacho bahari inaingilia mashamba yake ya mpunga na kuyatia chumvi hakina sababu ya kulichukulia jambo hili kuwa ni la wengine. Na tusiusahau mchanga. Zege haliwi pasipo mchanga, na mchanga wa visiwani ukishachimbwa hauoti tena. Mashimo yanayobaki mashambani ni sehemu ya bei ya saruji ambayo haiandikwi katika hati ya muuzaji.

Majibu kwa wapinzani

Wapo watakaosema: moto. Hoja hii ni ya kweli, na haifai kujibiwa kwa kejeli. Mwezi Septemba 2014, maabara ya kemia ya Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, iliyokuwa ikijengwa kwa mti, iliteketea kabla haijakamilika. Hilo lilikuwa jengo la utafiti, la chuo kikuu, la mti. Yaani ndilo hasa tunalolipigania. Lakini wenyewe walifanya nini? Walilijenga upya, kwa mti vile vile, likafunguliwa mwaka 2017. Jengo la namna hii lina hatari kubwa zaidi linapokuwa bado kiunzi, kabla ya kuta za kinga, ving'ora na mabomba ya maji kuwekwa. Kwa hiyo ulinzi wa siku za ujenzi uwe mkali kuliko ulinzi wa siku za matumizi. Likishakamilika, bamba nene haliwaki kama njiti ya kibiriti. Uso wake hugeuka makaa, na makaa hayo huukinga moyo wa mti. Moto huingia ndani kwa kadiri ya milimita 0.7 kwa dakika, yaani sentimita nne hivi kwa saa nzima. Mhandisi huweza kupiga hesabu hiyo mapema na kuongeza unene. Chuma kisichokingwa, ambacho hatukiogopi hata kidogo, hupoteza kama nusu ya nguvu zake joto linapofikia nyuzi 550 hadi 600 za Selsiasi.

Wapo watakaosema: mchwa na unyevu. Hawa tunawaomba watoke nje watazame juu. Nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa kwa mgandamizo zimebeba nyaya za umeme kote nchini, na miguu yake imezikwa ardhini, mvua ikizipiga na jua likizipiga. Anayeamini kwamba mti hauwezi kusimama katika nchi yetu asingethubutu kuwasha taa. Nyumba haina haja hata ya kuuzika mti. Msingi wa mawe au zege huinuliwa juu ya udongo, bamba likakalishwa juu yake pasipo kugusa maji, na upenu mrefu ukaifukuza mvua ukutani. Hekima hiyo imo katika baraza na penu za nyumba zetu tangu zamani. Na tukitumia zege katika msingi hatutakuwa tumejipinga, kwani ugomvi wetu si na saruji, bali na ibada ya saruji.

Maana zege nalo si la milele. Upepo wa bahari huingiza chumvi, nondo hushika kutu, kutu hutanuka, na boriti ya zege hupasuka kutoka ndani. Jumba la Beit al-Ajaib la Unguja, lililojengwa mwaka 1883 kwa mawe, chokaa, boriti na nguzo za chuma, lilianguka sehemu yake moja tarehe 25 Desemba 2020 baada ya miaka mingi ya kuchakaa. Jengo lisilotunzwa huanguka, liwe la mti, la jiwe au la chuma. Kudumu hakumo katika mfuko wa saruji. Kumo katika matunzo, na matunzo hutoka kwa watu wanaoujua undani wa kile wanachokitunza.

Wapo pia watakaotukumbusha majumba ya maendeleo. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali ilijenga majumba ya ghorofa Michenzani, na mengine Pemba, kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, ikawapa wananchi makazi waliyokuwa wamenyimwa. Hatuyabezi hata chembe. Ushujaa wake ulikuwa katika kuthubutu kuchukua ujuzi mpya wa zama zile na kuuweka katika huduma ya mnyonge. Tunachodai sasa ni ushujaa ule ule, kwa ujuzi wa zama hizi.

Mwisho wapo watakaosema kwamba tukiuhubiri mti tutaimaliza misitu. Hawa tunawaheshimu kuliko wote. Tunawajibu hivi: yeyote atakayeingia na shoka Ngezi kwa ajili ya jengo hili ni adui wa hoja yetu. Ngezi ni mabaki ya misitu ya Pemba iliyotoweka kwa mashamba, na ni moja ya makao ya popo wa Pemba, ambaye kwa asili hapatikani penginepo duniani. Mikoko nayo ni boma la pwani. Mti tunaoutaka ni wa kupandwa. Shamba la Miti la Sao Hill, wilayani Mufindi, lililoanza kwa majaribio mwaka 1939, lina eneo la zaidi ya hekta 130,000. Mpaini huvunwa ukiwa na umri wa miaka 18 hadi 25, kisha hupandwa mwingine. Mtoto anayezaliwa leo ataiona miche ya leo ikiwa mbao kabla hajafikisha umri wa miaka 30. Hakuna jabali la chokaa lenye ahadi kama hiyo.

Hatari ya mti ulaya

Sasa tuwageukie wanaotuunga mkono, maana hatari kubwa iko kwao. Mwaka 2021 ulitangazwa mpango wa kujenga Fumba, Unguja, mnara wa mti wa ghorofa 28 wenye urefu wa mita 96. Habari zake zilienea ulimwenguni, na wengi wetu walijivuna. Sisi hatuna ugomvi na minara. Lakini kila unapotajwa mpango wa namna hiyo hapana budi tuulize: mbao hizo zimepandwa na nani? Gundi yake imejaribiwa wapi? Na fundi wa Kizanzibari atakuwa nani katika kazi hiyo, mwenye ujuzi au mbeba mizigo? Ikiwa mabamba yatashushwa bandarini yakiwa tayari, na wajuzi wakashuka pamoja nayo, kisha wakaondoka na ujuzi wao, basi tutakuwa tumetoka katika udongo ulaya na kuingia katika mti ulaya. Tutakuwa tumebadilisha mzigo bila ya kubadilisha mchukuzi.

Tena mti ulaya una hatari yake ya pekee, na hatari hiyo ni ya kisayansi. Mti huvuta na kutoa unyevu kwa kufuata hewa inayouzunguka. Hutanuka na kunywea, na kila unapofanya hivyo gundi hujaribiwa. Mwezi Machi 2018, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, jengo la chuo cha misitu lilipokuwa likijengwa kwa mti, bamba moja la sakafu liliachana matabaka likaanguka. Ilionekana kwamba mbao zilikuwa zimepashwa joto kabla ya kugandishwa, gundi ikakauka kabla haijashika. Mabamba mengi yalibadilishwa, na jengo likakamilika mwaka 2020. Kosa dogo la joto, katika nchi yenye viwanda na wataalamu tele, na tena katika nyumba ya wataalamu wa misitu wenyewe, lilitosha kuleta hasara.

Je, gundi iliyojaribiwa katika baridi ya milima ya Alps itakuwaje Pemba, ambako masika huijaza hewa maji, kaskazi huleta joto na ukavu, na chumvi haikomi mwaka mzima? Dawa ya mbao iliyotosha kwa wadudu wa huko itatosha kwa mchwa wa huku? Hakuna awezaye kutujibu kwa barua. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Majibu hayo yatapatikana Pemba kwenyewe, ama hayatapatikana.

Kwa nini nyumba ya utafiti, kwa nini Ole

Ndiyo maana tunasema kwamba jengo la kwanza lisiwe hoteli wala mnara wa kuuzia vyumba. Liwe nyumba ya utafiti ya chuo kikuu. Hoteli ikipata ufa huufunika kwa rangi, maana ufa humfukuza mgeni. Nyumba ya utafiti ikipata ufa huupima, huuandika na kuufundisha. Jengo lenyewe liwe ndilo jaribio la kwanza la maabara. Ndani ya mabamba yake vitiwe vipimo vya unyevu na joto tangu siku ya kwanza. Kuta zake moja iachwe wazi na nyingine ifunikwe, ili ijulikane ipi inastahimili. Na karibu yake vijaribiwe vipande vya miti ya kisiwani: minazi mizee isiyozaa tena, mifenesi, miembe, mivinje, na hata mikarafuu iliyokufa. Huenda mingi ya miti hiyo isifae. Hilo nalo ni elimu, na ni bora kulijua kwa kupima kuliko kulidhani.

Pemba si ngeni kwa utafiti. Maabara ya afya ya jamii ya Wawi, iliyofunguliwa mwaka 2000, imekifanya kisiwa kijulikane kwa elimu ya kichocho na minyoo. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, kina kampasi yake Mchanga Mdogo. Huko Bara, elimu ya misitu ya ngazi ya chuo kikuu ina mizizi Morogoro tangu miaka ya 1970, na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kiliundwa mwaka 1984. Taasisi ya Utafiti wa Misitu, TAFORI, iliundwa mwaka 1980, nayo ina kituo cha utafiti wa matumizi ya mbao mjini Moshi. Mbao zote tunazo. Kinachokosekana ni gundi ya kuziunganisha.

Nasi tumeitaja Ole kwa sababu si mji wala si bandari. Imo ndani ya kisiwa, katika nchi ya mikarafuu na minazi, njiani kutoka Chake Chake kuelekea kaskazini. Mambo makubwa tumezoea kuyaweka mjini, kisha tukamwita mwanakijiji aje ayatazame kwa mbali. Nyumba ya elimu ikiinuka Ole, mtoto wa skuli ataipita kila asubuhi na kila alasiri. Ataiona kuta zikisimamishwa, atauliza, na atajibiwa na seremala ambaye pengine ni mjomba wake.

Kwa hiyo tunadai mambo manne. La kwanza, mbao zitoke katika mashamba ya miti ya Tanzania, na kazi ya kuzikausha na kuzigandisha ifanyike nchini, hata kama kwa kuanzia jengo litalazimika kuwa dogo. Afadhali ghorofa mbili tulizozimudu kuliko ishirini tulizoletewa. La pili, maseremala wa Pemba na mafundi wa majahazi waingizwe katika kazi hiyo kama walimu na wanafunzi kwa pamoja, wala wasiitwe mwishoni kuja kupiga misumari. La tatu, matokeo ya kila mwaka, yakiwa mazuri na yakiwa mabaya, yachapishwe kwa Kiswahili na yapelekwe maskulini. La nne, kila kiungo kipya kipewe jina la Kiswahili, kama wazee wetu walivyoupa jina mtambaapanya na kombamoyo. Tukiyaazima majina, na ujuzi wenyewe tutakuwa tumeuazima.

Walimu wasingoje jengo lisimame ndipo waanze. Mwalimu wa fizikia anaweza leo hii kuwapimisha wanafunzi uzito wa kipande cha ubao kabla ya masika na baada yake, wauone mti unavyokunywa hewa. Mwalimu wa jiografia anaweza kuwatembeza kwenye mashimo ya mchanga. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuwatuma kwa wazee wakakusanye majina ya viungo vya nyumba na vya jahazi kabla wenye majina hayo hawajatutoka. Kazi hizo hazihitaji mfadhili.

Karafuu imetusomesha somo gumu. Kwa miaka mingi ilitoka kwetu ikiwa karafuu, ikarudi ikiwa mafuta na dawa ndani ya chupa yenye jina la kigeni, na faida kubwa ikabaki njiani. Mti nao usitufanyie vivyo hivyo, utoke Mufindi ukiwa gogo na urudi Pemba ukiwa bamba. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Tuyarekebishe basi na yale maneno tuliyoyazoea. Nyumba ya kudumu ni ile ambayo waliomo ndani yake wanajua kuitunza, na ikibomoka wanajua kuijenga tena. Nyumba ya namna hiyo na ianze kujengwa, na ianzie Ole.